Haikupasuka Ngoma, Walichoka Wapigaji

Najua wengi wanaoandika juu ya michezo katika jarida hili watatuletea habari za Arsenal na Gor Mahia, nami siwalaumu. Ila mimi leo nataka kuwapeleka mbali zaidi, kwenye ligi ambayo haikuchezwa katika dunia hii yetu. Angani kwake palikuwa na jua la pili, na shimo jeusi lilihesabiwa kuwa hali ya hewa ya kawaida, kama sisi tunavyohesabu mvua na mawingu. Waamuzi wake waliweza kumchoma mchezaji akawa majivu katikati ya mechi. Ligi hiyo iliitwa Blaseball. Ilizaliwa Julai 2020 ikafa Juni 2023, na namna ilivyokufa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Najua mtakavyosema. Jambo la kubuni tu, tena la watoto wa Wazungu, latuhusu nini? Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alicheka akanikumbusha kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Methali ni ya wazee na siwezi kubishana nayo. Nasema tu kwamba hapa imetumiwa mahali pasipo pake.

Kwanza tuelewane ilikuwa kitu gani. Mwaka wa 2020, kama mnavyokumbuka, ugonjwa wa korona ulifunga shule zetu tangu Machi, na viwanja vikaachiwa mbuzi. Ligi kuu ya Kenya ilikatizwa kabla haijamalizika, Gor Mahia wakatangazwa mabingwa huku mechi zilizosalia zikiwa hazijachezwa. Dunia nzima ilikuwa hivyo hivyo, watu wamekaa nyumbani hawana cha kushangilia. Basi kule Los Angeles, Marekani, kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta, The Game Band, ikabuni ligi ya besiboli kwenye mtandao. Besiboli, kwa asiyeijua, ni ndugu mkubwa wa ile raundasi tuliyocheza shule ya msingi: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia vituo vyote hadi arudi alipoanzia.

Hapakuwa na picha ya mchezaji wala ya uwanja. Kompyuta ilijichezeshea mechi yenyewe kwa hesabu na bahati, ikawa inaandika maneno tu: fulani amerusha, fulani amekosa, fulani ametoka. Mechi zilianza kila saa, usiku na mchana. Msimu mzima wa mechi 99 uliisha kwa wiki moja; Jumatatu hadi Ijumaa ligi, Jumamosi mechi za kumtafuta bingwa, Jumapili uchaguzi.

Naam, uchaguzi! Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Shabiki alipewa sarafu za bandia, akabashiri nani atashinda, na sarafu alizopata akanunulia kura. Kwa kura hizo mashabiki wenyewe waliamua sheria za msimu unaofuata. Mwisho wa msimu wa kwanza waliulizwa kama wangependa Kitabu Kilichokatazwa kifunguliwe. Wewe msomaji ungepiga kura gani? Na wao hivyo hivyo. Kitabu kikafunguliwa, jua likapatwa, jangwa la Moab likamezwa na mdomo wa Jehanamu, na timu ya huko iliyoitwa Moab Sunbeams ikaamka ikiwa Hellmouth Sunbeams. Siku hiyo pia alichomwa mchezaji wa kwanza, mrushaji wa Seattle Garages aitwaye Jaylen Hotdogfingers, yaani Jaylen mwenye vidole vya soseji.

(Timu zilikuwa 20 hapo mwanzoni, baadaye zikawa 24. Kuzimu kulikuwa na timu, kiini cha dunia kilikuwa na timu, hata Atlantis iliyo chini ya bahari ilikuwa na timu. Afrika nzima hatukupata hata moja. Nimeliandika hapa lisije likasahaulika.)

Sasa sikilizeni. Huyo Jaylen alikuwa nani? Ukweli ni kwamba hakuwa mtu yeyote. Kompyuta ilimpa mchezaji jina na nyota za uwezo wake. Baadaye ikaongeza aina ya kahawa aipendayo, aina ya damu, na jambo alifanyalo kabla ya mechi. Basi. Haikusema kama ni mrefu au mfupi, mwanamume au mwanamke, binadamu au kiumbe kingine. Waliobaki kumaliza kazi hiyo ni mashabiki. Walimchora kila mmoja kwa jinsi alivyomwona, wakatunga hadithi na nyimbo. Wapenzi wa Seattle Garages waliunda bendi wakaiita the garages, ikatoa albamu baada ya albamu juu ya wachezaji ambao hawakuwahi kuvuta pumzi. Wengine waliunda chama cha utafiti, wakawa wanahifadhi takwimu za mechi moja moja kama makarani wa mahakama. Nimesoma kwamba wanaoandika kwa Kiingereza iliwabidi wachague kila mara kama Jaylen ni wa kike au wa kiume au vinginevyo. Kiswahili kingewapunguzia taabu hiyo. Sisi tuna "yeye", na "yeye" linatosha. Walimu wa Kiingereza watanisamehe.

Jambo lililonivutia kupita yote ni vile walivyomfufua. Palikuwa na orodha ya wachezaji wanaopendwa zaidi, iliyopangwa kwa jinsi mashabiki walivyowachagua vipenzi vyao. Mwisho wa msimu wa sita ikatolewa baraka moja: timu itakayobahatika itamchukua mchezaji aliye nambari 14 katika orodha hiyo. Mtu mmoja akagundua kwamba jina la Jaylen, ingawa ni marehemu, bado linachagulika. Kwa hivyo ilitakikana awe wa 14 barabara. Si wa kwanza, wa kumi na nne! Akipanda hadi 13 kazi imeharibika, akishuka hadi 15 vilevile. Fikirieni maelfu ya watu wasiojuana, wengine usiku kwao wengine mchana, wakipatana nani aongeze na nani apunguze. Na waliweza. Jaylen akarudi Seattle kutoka kwa wafu, ila akarudi na deni: waliogongwa na mpira wake ndio waliokuwa karibu zaidi kuchomwa. Hata hapo mashabiki walianza kubishana kama walitenda wema au uovu. Nani aliwafundisha hayo? Hakuna. Waliopanga baraka hiyo walitoa sheria tu, hadithi ikazaliwa kwa watu.

Sitayaeleza yote, jarida lingejaa. Nitataja tu kwamba mungu wa ligi hiyo alikuwa njugu kubwa yenye maneno ya kiburi, na mnamo Oktoba 2020 timu ya wachezaji waliokufa, waliochaguliwa na mashabiki kwa kuwatolea njugu za heshima, ilitoka kaburini ikaishinda timu yake. Kisha likatokea dude mfano wa ngisi likamla yule mungu. Jamani!

Hapo ngoma ilikuwa imevuma kwelikweli. Je, ilipasuka?

Ligi ilipumzika, ikarudi Machi 2021, na kufikia mwisho wa Julai mwaka huo shimo jeusi likameza kila kitu, timu na wachezaji wote. Hiyo ilikuwa katika hadithi. Nje ya hadithi kilifuata kimya kirefu cha karibu mwaka mmoja na nusu. Januari 2023 ilirudi tena, ikayumba, ikasimamishwa ili itengenezwe. Tarehe 2 Juni 2023 kampuni ikatangaza kwamba imefika mwisho, na baadhi ya wafanyakazi wakaachishwa kazi.

Sababu waliyoitoa haikuwa kwamba watu wameichoka. Walisema kazi ya kuiendesha ligi ibaki vile inavyopaswa kuwa ilikuwa kubwa mno, haikuweza kuwalipa wala kuwaacha na afya zao. Tazameni mpango wenyewe: Jumapili mashabiki wamepiga kura, pengine wameamua jambo ambalo halijapata kutokea, na Jumatatu mechi ya kwanza inatakiwa kuanza na sheria mpya zikifanya kazi. Katikati hapo ni watu wachache mbele ya kompyuta. Mchezo wenyewe ulikuwa wa bure. Mara kwa mara iliwabidi waifunge ligi kwa majuma kadhaa ili wapumzike. Hiyo si ngoma iliyopasuka. Ngozi ilikuwa nzima, wachezaji ngoma walikuwa uwanjani wamejaa tele, lakini mikono ya wapigaji ilivimba na hakuna aliyewapokea vijiti. Tena hawangeweza kupokewa, maana vijiti vilikuwa mali ya kampuni. Mashabiki walikuwa na nyimbo, picha na daftari zote, ila ufunguo wa kuwasha ligi hawakuwa nao. Hili ndilo kosa ninaloliona katika mpango ule, na nalitamka japo mimi ni mwanafunzi tu: waliwapa watu uwezo wa kuamua kila kitu isipokuwa jinsi ya kusaidia.

Yupo mwenzangu darasani aliyenijibu upesi: wangeacha watu wabeti kwa pesa za kweli, wangetajirika na ligi ingeishi. Jibu hilo limenikera hadi leo. Katika Blaseball ukifilisika palikuwa na kitufe cha kuomba. Unabonyeza, unapewa sarafu kidogo, unaendelea na wenzako. Sisi ni shule ya kutwa, na tunajua ukifilisika huku unakwenda na nini. Wako wavulana, siwataji, wanaokula chakula cha mchana kwenye simu asubuhi kabla kengele haijalia. Mkeka ukichanika wanatembea hadi nyumbani kwa sababu nauli pia ilikuwemo. Na uwaulize kuhusu mechi waliyoiwekea pesa! Ni daraja la pili la nchi ambayo hawawezi kuionyesha kwenye ramani, hawajui jina la hata mchezaji mmoja, wanajua "mabao zaidi ya mawili" tu. Linganisheni na yule shabiki wa sarafu za bandia aliyejua mpaka kahawa anayokunywa Jaylen, ambaye hata hayupo. Baina ya hao wawili ni nani anayepoteza wakati wake na jambo la kubuni? Pesa za kweli zingeiokoa kampuni, labda. Ligi yenyewe zingeiua mapema zaidi, kwa kuwa hakuna mtu angekubali kumweka marehemu nambari 14 huku nauli yake iko hatarini.

Nimeleta habari hizi zote kwa sababu ya jambo lililo karibu nasi. Tulipokuwa kidato cha kwanza shule hii ilikuwa na ligi ya madarasa. Kila Ijumaa baada ya masomo palikuwa na mechi, na jedwali la pointi liliandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na ofisi ya walimu. Watu walikuwa wakichelewa matatu kwa ajili ya kungoja matokeo yaandikwe. Mwalimu mmoja ndiye aliyepanga ratiba, akapuliza kipenga, akahifadhi mpira, akaandika jedwali. Alipohamishwa, ligi ilihama naye. Tangu hapo nasikia ikisemwa, hata gwarideni, kwamba wanafunzi wa siku hizi hawapendi michezo, wanapenda simu. Kwa heshima zote, hiyo si kweli. Ijumaa iliyofuata tulikwenda uwanjani tukangoja mpaka saa kumi na moja. Hatukuwa na mpira, ufunguo wa stoo ulikuwa umekwenda na barua ya uhamisho.

Ombi langu kwa mwalimu wa michezo ni dogo. Tupewe mpira mmoja na kipande kile cha ubao, na ufunguo uwe na wanafunzi watatu wa madarasa tofauti ili mmoja akiumwa au akihama wawepo wengine. Ratiba tutapanga wenyewe. Mimi miguu yangu si ya mpira, kila mtu anajua, lakini maandishi yangu yanasomeka na naweza kukaa na jedwali pamoja na daftari la nani alifunga, nani alidaka, na nani alifanya kituko gani. Daftari nimeshanunua, la kurasa 96, na kurasa nne za kwanza nimejaza matokeo ya ligi ile ya zamani, kadiri nilivyoyapata kwa kuuliza watu. Bado nakosa mechi ya mwisho ya Mashariki na Kaskazini, maana kila upande unadai ulishinda. Anayekumbuka vizuri anitafute Kidato cha Tatu Magharibi wakati wa chakula cha mchana, na aje na shahidi.