Heri Nusu Shari Kuliko Shari Kamili

Mwanafunzi akiulizwa habari za vita vya baharini, aghalabu hutaja manowari zilizopigana na zile zilizozamishwa na adui. Ni nadra kumsikia akitaja zilizoachwa kabla ya kukamilika. Nionavyo mimi, hizo nazo zina funzo ambalo walimu wetu hawana budi kulifundisha.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, Marekani, Uingereza na Japani hazikupumzika. Kila moja ilipania kuunda manowari kubwa kuliko za mwenziwe, ilhali raia walikuwa wangali wanalipa gharama za vita vilivyopita. Mnamo Novemba 12, 1921, mkutano ulifunguliwa mjini Washington. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Charles Evans Hughes, aliwashangaza wajumbe alipotangaza kwamba nchi yake ilikuwa tayari kuziacha manowari kubwa 30: 15 kuukuu, na 15 zilizokuwa zikiundwa. Akazitaka Uingereza na Japani nazo zipunguze zao.

Mkataba ulitiwa sahihi Februari 6, 1922. Siku mbili baadaye, mafundi waliamriwa kuacha kazi katika manowari iliyopewa jina lilo hilo la Washington, ingawa ilikuwa imekamilika kwa zaidi ya asilimia 75. Mwaka 1924 Wamarekani wenyewe waliifanya shabaha ya mizinga yao, wakaizamisha. Japani nayo ikaizamisha Tosa yake mwaka 1925.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa ubadhirifu mtupu. Kwamba Japani ilijitoa, mkataba ukafa mwishoni mwa mwaka 1936, na vita vikarejea. Siyakani hayo. Lakini je, fedha zilizokwisha kumwagwa ni sababu ya kumwaga nyingine? Kwa takriban miaka 14, mashindano ya manowari kubwa yalitiwa breki kwa kalamu, si kwa mzinga. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Tusiwafunze vijana wetu kwamba kila kilichoachwa katikati ni aibu. Wanaojua kuanza ni wengi. Wanaojua kukoma ni wachache. Mwalimu atakapoandika ubaoni miaka ya vita, na auandike pia mwaka 1922, kisha awaulize wanafunzi wake ni ushujaa upi uliohitajika ili mafundi waambiwe waweke nyundo chini.