Tusimwache peke yake kocha wa timu ya mtaa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, kila siku baada ya Sala ya Alasiri watoto wetu wengi huwa mikononi mwa mtu ambaye sisi wazazi hatujawahi kuketi naye. Huyo ni kocha wa timu ya mtaa. Hana mshahara wala mkataba. Mpira kaununua yeye, filimbi ni yake, na mtoto akiumia, nauli ya kumfikisha zahanati hutoka mfukoni mwake. Tunamkumbuka siku timu inapotwaa kombe, na tunamlaumu siku mtoto anaporejea nyumbani akichechemea.

Yupo mmoja katika mtaa tunaoufahamu, aliyelea vijana kwa zaidi ya miaka 10. Alipovunjika mguu akiwa uwanjani, alikaa ndani miezi mitatu, na kazi yake ya kuchomelea vyuma, ndiyo riziki ya wanawe, ikasimama. Wazazi waliokwenda kumjulia hali walikuwa wachache mno. Nasi tunakiri kuwa hatukuwamo. Habari zake zilitufikia alipokwisha kuanza kutembea.

Huenda wapo watakaouliza, michezo ina nini na ukurasa wa Ijumaa? Tunawajibu kuwa Mtume (S.A.W) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), kama alivyopokea Abu Daud. Aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao ndani ya msikiti wake siku ya Idi. Aliandaa pia mashindano ya farasi, na katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim tunaelezwa kwamba farasi waliokwisha kufundishwa walipangiwa masafa marefu, na wasiofundishwa wakapangiwa masafa mafupi. Ikiwa mnyama alipimiwa kwa kadiri ya maandalizi yake, vipi mtoto wa miaka 10 akimbizwe mazoezi ya mtu mzima kwa kuwa kocha hakufundishwa tofauti?

Basi jambo la kwanza tunalodaiwa ni mafunzo. Kocha wa kujitolea ana mapenzi, lakini mapenzi hayafungi jeraha. Ajue kuzuia damu, ajue kuwa mtoto aliyegongwa kichwa akapata kizunguzungu hutolewa mchezoni na harudishwi siku ile hata akisema yu mzima. Ajue kumpunguzia mazoezi aliyefunga Ramadhani. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na hapa Tanzania tunacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, mkoani Mwanza. Msikiti mmoja ukimlipia kocha mmoja kila mwaka, baada ya miaka mitano mtaa una makocha watano wenye elimu.

Katika mafunzo hayo uwemo ulinzi wa watoto, jambo ambalo wengi tunalionea haya kulitaja. Asiwepo mtu mzima anayejitenga na mtoto chumbani au safarini, hata awe mchamungu kiasi gani. Wasichana wafundishwe na wanawake, kwa mavazi ya stara. Sheria za soka zenyewe ziliruhusu rasmi kufunika kichwa tangu mwaka 2014. Utaratibu huu unamlinda mtoto, na unamlinda kocha mwema dhidi ya dhana mbaya.

Jambo la pili ni mali. Tukiziacha timu zikiwa na njaa, tusishangae kuona kampuni ya kubahatisha inakuja na jezi za bure, na jina la kamari likakaa kifuani mwa mtoto anayehifadhi Juzuu Amma. Mwenyezi Mungu (S.W) ameiweka kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maidah, aya ya 90, na kutuamrisha tuiepuke. Anayemkataza mwanawe jezi hiyo na amnunulie nyingine.

Hapa tutenganishe mafungu. Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60. Haijengi magoli wala hainunui mipira. Ila kocha akiwa fakiri au maskini, anastahiki kupewa zaka kwa ufukara wake. Mipira, jezi na mafunzo vitokane na sadaka na michango. Na mwenye kiwanja aige mfano wa Sayyidna Umar (r.a.), aliyeizuia asili ya shamba lake la Khaybar na kutoa mazao yake kwa wahitaji. Kiwanja kilichowekwa wakfu kihalali, kwa maandishi na wadhamini, hakiuzwi kujengwa maduka.

Nazo klabu zitimize wajibu wao. Ziwe na katiba, zisajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na fedha zishikwe na zaidi ya mtu mmoja. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuagiza kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Mali ya watu wengi inahitaji hadhari kama hiyo.

Jambo la tatu ni hali ya kocha mwenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wazazi wa timu nzima wakishirikiana, mchango wa bima wa kaya moja si mzigo. Uwepo pia mfuko mdogo wa dharura, ili atakayevunjika akiwatumikia watoto wetu, jiko lake lisizimike.

Wengine husema, "Anajitolea kwa ajili ya Mungu, malipo yake yako huko." Ni kweli, thawabu zake ziko kwa Mola wake. Lakini ikhlasi yake haifuti deni letu. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na serikali zikaelekeza nguvu kwenye viwanja vikubwa. Ni heri. Lakini hata Yanga (1935) na Simba (1936) zilianza na vijana wa mitaa ya Dar es Salaam, na huko mitaani ndiko aliko mtoto wako leo.

Basi leo baada ya Alasiri, mzazi, nenda uwanjani. Msalimie kocha, muulize jina lake, umri wa wanawe na analokosa. Kisha urudi na jibu lake msikitini kabla ya Magharibi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na awalipe kheri wanaowalea bila kutazamia malipo. Amin. Wabillahi tawfiq.