Alonso, Honda wamerudiana, ila ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa nani?

FERNANDO Alonso na Honda wamerudiana. Kwenye Formula 1 ya msimu wa 2026, Mhispania huyo yuko Aston Martin inayotumia injini za Honda, kampuni ile ile ya Japan aliyotengana nayo mwaka 2017 akiwa McLaren, tena kwa shari.

Mashabiki wengi wanakumbuka tukio moja tu la ndoa ile. Ni Suzuka, Septemba 2015, nyumbani kwa Honda kabisa. Alonso alipitwa kirahisi kwenye njia iliyonyooka, akalalamika redioni kuwa injini yake ni kama ya GP2, mashindano ya daraja la chini. Kwa soka, ni sawa na straika kumgombeza rais wa klabu katikati ya mechi, jukwaa likiwa limejaa.

Hukumu ikapita pale pale: Honda ni kimeo. Ila yaliyofuata yanaonyesha hukumu hiyo ilikuwa nusu ya ukweli.

Kwanza, injini ilikuwa na shida kweli. Msimu wa 2015 McLaren ilimaliza ya tisa kati ya timu 10 ikiwa na pointi 27. Gari lilitakiwa liwe jembamba kwa nyuma, hivyo Honda ikaibana injini, na turbo ikawa ndogo. Turbo ndogo ilishindwa kuvuna umeme wa kutosha kutoka kwenye moshi wa ekzosi. Matokeo yake gari linatoka kwenye kona vizuri, likifika katikati ya njia iliyonyooka umeme unakata, na nguvu kama ya farasi 160 inayeyuka. Dereva anabaki kukanyaga mafuta huku wenzake wanampita.

Mwaka 2017 Honda ikaja na injini mpya, na mambo yakawa mabaya zaidi. Kwenye majaribio ya Barcelona tatizo la kwanza lilikuwa tangi la oili. Karakana, injini ikiwa imefungwa kwenye mashine ya kupimia, kila kitu kilikuwa safi. Barabarani, gari lilipokata kona kwa kasi, oili ilisukumwa upande na mfumo ukashindwa kuivuta inavyotakiwa. Mashine ya kupimia haikati kona, ndiyo maana haikuliona tatizo. Baadaye ukaja mtetemo, ambao nao ulijitokeza injini ilipoungwa na gia boksi na matairi ya gari lenyewe.

Ni yule mchezaji anayefunga kila siku mazoezini, halafu Jumamosi miguu inakuwa mizito. Ukimpima mazoezini tu, hutajua anaumwa nini.

McLaren ikamaliza tena ya tisa, safari hii na pointi 30, ikachoka. Ikaachana na Honda na kuchukua injini za Renault kwa msimu wa 2018. Hapo ndipo kipimo cha kweli kilipopatikana, kwa sababu Red Bull nayo ilikuwa ikitumia Renault.

Injini moja, timu mbili, majibu tofauti. Red Bull ilishinda mbio nne msimu huo. McLaren haikupanda jukwaani hata mara moja, nafasi yake bora ikiwa ya tano, na Julai bosi wa mbio wa timu, Eric Boullier, akajiuzulu. Kumbe gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa wake: lilikuwa zito kuipasua hewa na halikushika barabara inavyotakiwa. Kwa miaka mitatu kila udhaifu ulitupiwa injini, na chesisi ikajificha nyuma ya jina la Honda.

Na Honda? Ilihamia Toro Rosso, timu ndogo isiyo na presha. Kwenye mbio za pili tu, Bahrain 2018, Pierre Gasly alimaliza wa nne. Wahandisi wakaendelea kutafuta chanzo bila kelele, hadi wakaomba msaada kwa wenzao wanaotengeneza ndege za HondaJet kuhusu sehemu ya turbo iliyokuwa inawasumbua. Juni 2019 Max Verstappen akashinda Austria na Red Bull, ushindi wa kwanza wa Honda tangu 2006. Mwaka 2021 akawa bingwa wa dunia.

McLaren nayo ilipona, ila baada ya kukubali kujipima yenyewe. Ilijipanga upya, ikahamia injini za Mercedes 2021, na 2024 ikatwaa ubingwa wa timu ikiwa na injini zile zile walizonazo Mercedes wenyewe. Aliyeuza injini akafungwa na mteja wake.

Sasa kanuni za 2026 zimebadili kila kitu. Karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme, na kile kifaa cha kuvuna umeme kwenye turbo kilichoitesa Honda kimeondolewa. Aston Martin ndiyo timu pekee yenye Honda, na gari lake limesanifiwa chini ya Adrian Newey.

Hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2018 Red Bull ilikuwepo kuonyesha kosa ni la nani. Safari hii hakuna timu nyingine yenye injini hiyo ya kulinganisha nayo. Gari likikosa kasi, Honda itatazama chesisi na Aston Martin itatazama injini. Wakikaa meza moja na kusoma vipimo pamoja, watalijua tatizo mapema. Wakianza kutupiana lawama, Alonso, ambaye ametimiza miaka 44 Julai 2025, hana misimu mingine mitatu ya kusubiri jibu.