‘Umekuwa wa ngapi?’ Swali linalomwacha nyuma mtoto anayejitahidi

Shule zikifungwa Desemba, pembeni ya viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam utawaona watoto wakirudi nyumbani na ripoti mkononi. Wakifika, swali la kwanza huwa lile lile: “Umekuwa wa ngapi?”

Aliyekuwa wa tatu anapongezwa, pengine anapelekwa Kariakoo kununuliwa viatu vya sikukuu. Aliyekuwa wa 66 kati ya 110 anaambiwa akaze buti mwakani. Mazungumzo yanaishia hapo.

Ndiyo maana wapo wanaohoji: kwa nini zawadi ziende kwa watatu wa juu tu? Kwa nini asituzwe kila mtoto aliyehudhuria na kushiriki?

NECTA iliacha kutaja ‘kumi bora’

Kitaifa, hatua ilishachukuliwa. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halikutaja wanafunzi bora wala shule bora. Aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji, Athumani Amasi, alieleza kuwa utaratibu huo hauna tija, kwani watahiniwa wanasoma katika mazingira tofauti.

Hoja hiyo inaonekana hata maeneo ya katikati ya jiji. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko inasomesha watoto wenye ulemavu, wakiwamo wasioona, pamoja na wenzao. Mtoto anayesoma kwa nukta nundu akilinganishwa na anayesoma kitabu cha kawaida, namba ya nafasi haisemi nani kafanya kazi kubwa zaidi.

Lakini madarasani nafasi bado zinapangwa, na mabango ya shule zinazojisifia ‘division one’ bado yapo barabarani.

Shule zilipopangwa kwa namba

Tanzania ina uzoefu wa kutosha kuhusu jambo hili. Mwaka 2013, kupitia mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule za msingi hadharani kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu. Hiyo ni habari njema.

Habari mbaya ni kwamba shule hizo hizo zilipunguza idadi ya wanafunzi wanaofika darasa la saba na kufanya mtihani. Kwa lugha nyepesi, baadhi ya watoto waliachwa njiani ili wastani upendeze.

Hii ndiyo gharama ya kutuza nafasi peke yake. Mtoto dhaifu anageuka kuwa mzigo kwa shule, badala ya kuwa kazi yake.

Basi wote wapewe cheti?

Siyo rahisi hivyo. Nchini Marekani, Carly Robinson na wenzake walifanya jaribio la tuzo za mahudhurio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 wa California. Walioahidiwa tuzo mapema hawakubadilika. Waliopewa tuzo ya kushtukiza kwa mahudhurio yaliyopita walipunguza kuja shule mwezi uliofuata.

Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo ile iliwapa wanafunzi ujumbe usiokusudiwa: kwamba wamehudhuria kuliko wenzao, na kuliko shule ilivyotarajia.

Watoto pia wanajua kupima. Medali wakipewa wote, hakuna anayeambiwa lolote kuhusu kazi yake. Na mtihani wa taifa hautoi alama kwa kuwepo darasani.

Alama mbili zinatosha

Kati ya hizo mbili ipo njia nyingine: kutuza hatua ambayo mtoto amepiga.

Chukua mfano. Mtoto kapata 12 kati ya 50 kwenye Hisabati mwezi Juni, halafu Desemba akapata 29. Katoka daraja D hadi C. Lakini kwa kuwa wenzake nao wamepanda, nafasi yake imetoka 70 hadi 66 tu. Kwenye ripoti anaonekana yule yule, wakati huenda hakuna aliyepanda kama yeye darasani.

Kumtambua mtoto huyu hakuhitaji bajeti. Mwalimu tayari ana alama za mihula yote miwili. Ni suala la kutoa moja kubwa kwa nyingine, na siku ya wazazi kumwita mbele pamoja na wale watatu wa juu. Anayeongoza abaki na zawadi yake, kwa sababu naye kaitolea jasho.

Njia hii nayo ina mtego: mtoto mjanja anaweza kuzembea makusudi Juni ili apande Desemba. Kwa hiyo haifai kuwa tuzo pekee, wala kuambatana na zawadi nono. Daftari na jina kutajwa mbele ya wazazi vinatosha.

Na kwa mzazi, mabadiliko yanaweza kuanza siku ripoti inapofika nyumbani. Kabla ya “umekuwa wa ngapi?”, aulize: “Mara ya mwisho ulipata ngapi?”