Tisheti Haitumi Pesa

Wasee wa Kihoto, nisikizeni kabla mniite mwenye wivu. Kila nikiona watu wakichangia mambo ya kripto, doo inaenda kwa tisheti, bango na influensa. Nikiuliza, "Na anayeandika programu analipwa na nani?" watu wanacheka.

Hii si mpya. Mwaka 2014 jamii ya Dogecoin ilichanga karibu dola 55,000 ili gari la mbio la Josh Wise, kule Talladega, Marekani, lipakwe picha ya mbwa wao. Mwaka huohuo walichangia visima hapa Kenya, upande wa Mto Tana, zaidi ya dola 30,000. Heko kwa hilo. Lakini ona hesabu: gari lilipata pesa nyingi kuliko maji. Na programu yenyewe? Iliachiwa watu wachache wa kujitolea, miaka kadhaa ikapita bila toleo kubwa jipya.

Kisha 2021 Elon Musk akaipigia debe. Mwezi wa 5 bei ikapita senti 70 za dola. Katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti 10. Aliyenunua juu kwa sababu ya kiki alibaki na kiki.

Najua mtaniambia: bila matangazo nani atajua? Kweli. Lakini akishajua, anakuja kufanya nini? M-Pesa ilianza 2007, na matangazo ilikuwa nayo, tena mengi. Ila ilikaa kwa sababu mama mboga alituma pesa kwa kabambe na ikafika. Machankura ya Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini imefuata njia hiyo: unatuma Bitcoin kwa kubonyeza namba kwa simu, vile unaweka kredo, bila intaneti. Hiyo ni kazi ya developa. Influensa hawezi.

Mtu wa shamba la maua hapa Naivasha anataka pesa ifike nyumbani, na asipoteze akiba yake akikosea kidogo. Hapo ndipo mchango uende.

Hapa Kihoto ziwa limeshaingia nyumba za watu. Hakuna rangi ya ukuta iliyolizuia.

Kwa hivyo kabla utoe mia yako, uliza maswali mawili tu: ngapi inaenda kwa anayeandika programu, na ameonyesha kazi gani? Wakikujibu kwa tisheti, rudisha doo mfukoni.