Je, Ni Mwanamke Aliyeharibu Urithi wa Wanormani?

Wako watu wasomao habari za wafalme wa kale, nao wafikapo penye vita vilivyoziharibu Uingereza na Normandy tangu mwaka 1135 hata 1153, hufunga kitabu wakisema, "Hayo ndiyo malipo ya kumrithisha mwanamke." Maneno hayo ni mepesi kinywani, lakini si kweli. Basi, ndugu wasomaji, na tuyapime kwa mambo yaliyotendeka.

Normandy ni nchi ya kaskazini ya Ufaransa, yenye kuelekea Uingereza ng'ambo ya bahari. Mwaka 1066 mtawala wake, William, alivuka bahari akamshinda mfalme Harold huko Hastings, akatwaa taji ya Uingereza. Alipokufa mwaka 1087 aliacha wana watatu wa kiume. Robert, mkubwa wao, alipata Normandy. William alipata Uingereza. Henry, kitinda mimba, alipewa fedha. Je, katika mgawo huo mwanamke alikuwapo? Hakuwapo hata mmoja. Na amani, je, ilikuwapo? Haikuwapo. Ndugu hao waligombana mpaka William alipouawa kwa mshale mawindoni mwaka 1100. Henry akaitwaa taji upesi, kabla Robert hajafika kwao kutoka safari ya Yerusalemu. Mwaka 1106 akampiga nduguye huko Tinchebray, akamfunga muda wa miaka 28, hata akafa kifungoni mwaka 1134. Ikiwa wanaume watatu wa tumbo moja walishindwa kurithi kwa amani, kosa la mwanamke li wapi?

Sasa tumtazame huyo Henry. Watoto aliowazaa nje ya ndoa walizidi ishirini, lakini waliokua katika ndoa ni wawili tu: William na Matilda. Tarehe 25 Novemba 1120 merikebu ya kijana huyo iligonga mwamba karibu na Barfleur, naye akafa maji. Akabaki Matilda. Huyu alipelekwa Ujerumani mwaka 1110, umri wake yapata miaka minane, akaolewa na Kaisari mwaka 1114, akafiwa naye mwaka 1125. Baba yake akamrudisha, na mwaka 1127 akawaapisha makabaila na maaskofu ya kwamba watamkubali awe mrithi. Miongoni mwao alikuwa Stephen, mwana wa Adela, dada yake Henry.

Mwaka uliofuata Henry alimwoza binti yake kwa Geoffrey wa Anjou. Mke alikuwa na miaka 26, mume hajatimiza 15. Watu wa Anjou walikuwa jirani wa Normandy upande wa kusini, tena adui zake wa siku nyingi. Henry alitaka kuufunga mpaka huo kwa ndoa. Baadaye wengine walioapa walisema kiapo chao kiliwafunga kwa sharti kwamba Matilda asiolewe nje ya nchi bila shauri lao. Tena Henry alikataa kumkabidhi mkwewe maboma aliyoahidi kuyatoa pamoja na binti, hata wakagombana. Alipofariki tarehe 1 Desemba 1135, Matilda alikuwa mbali naye. Stephen akavuka bahari mbio, akatawazwa tarehe 22 mwezi ule ule. Ahadi ni deni, lakini deni hilo hakulilipa.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Stephen mwenyewe alidai taji kwa damu ya nani? Kwa damu ya mama yake! Nchi ya Boulogne aliipata kwa nani? Kwa mkewe, aliyeirithi. Na vita vilipokoma mwaka 1153 walipatana ya kuwa mrithi wa Stephen atakuwa Henry, mwana wa Matilda, naye akatawazwa mwaka 1154. Damu ya mwanamke iliwafaa wote walipotaka kupata. Ilionekana mbaya siku ile mwanamke mwenyewe alipotaka kuketi.

Basi kosa ni lipi? Kosa ni kuifanya ndoa biashara. Henry alipotawazwa mwaka 1100 alitoa hati kwamba hatatoza fedha kwa ruhusa ya kuoza binti, wala mjane hataozwa ila kwa hiari yake. Lakini katika hesabu za hazina yake za mwaka 1130 imeandikwa kuwa Lucy wa Chester, aliyefiwa na waume watatu, alikubali kulipa marki 500 za fedha ili asilazimishwe kuolewa kwa muda wa miaka mitano. Mjane ananunua uhuru wake kwa yule yule aliyeahidi kutouuza!

Mtu atanijibu, "Lakini ndoa za namna hii huleta amani." Mwaka 1002 Æthelred, mfalme wa Uingereza, alimwoa Emma, dada ya mtawala wa Normandy, ili Normandy isiwe tena bandari ya adui zake. Mwana wao Edward alikufa mwaka 1066 bila mtoto, na William, mjukuu wa kaka yake Emma, akaidai taji kwa udugu huo. Ndoa iliyotafuta amani ilizaa dai, na dai likazaa vita. Wapiganapo tembo nyasi huumia: waliochomewa nyumba hawakualikwa katika arusi ile.

Kwa hiyo, msomaji, ukimsikia mtu akisema kwamba Matilda aliwaharibia Wanormani urithi wao, mwulize maswali matatu. Robert alifungwa na mwanamke gani? Stephen alipata haki yake kwa nani? Na ni nani aliyemchagulia Matilda mume? Akikosa jibu, asiwanyime binti zake haki yao kwa kisingizio cha habari asizozielewa.