Uvimbe si Kuvimbiwa: Lugha ya Picha za Tumbo katika Miji ya Mlima Kenya

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo mgonjwa hafichi lolote. Lugha ndiyo inayomfichia.

Aghalabu mkazi wa Nyeri, Karatina au Chuka anayeumwa na tumbo husema kwamba amevimbiwa au ana vidonda vya tumbo. Hununua dawa dukani, akaendelea na shughuli zake. Ilhali saratani ya tumbo si ngeni katika eneo hili: mwaka wa 2001 watafiti walichapisha makadirio ya kiwango cha chini cha ugonjwa huo mashariki mwa Kenya. Mgonjwa huyo anapofika hospitalini hatimaye na kuambiwa, "Una uvimbe tumboni", huenda akarejea nyumbani ametulia. Uvimbe na kuvimbiwa ni maneno ya mzizi mmoja, naye amesikia lile alilolizoea.

Ni muhimu kuelewa kinachotafutwa na mtaalamu wa picha. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Mwangwi wake ndio unaogeuzwa kuwa picha. Kwa kuwa gesi iliyomo tumboni huyazuia mawimbi hayo, kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi hakioni vyema ukuta wa tumbo. Kwa hiyo kipo kifaa kingine, ambacho bado ni adimu nchini, kinachoingizwa mdomoni kwa mrija hadi ndani. Hapo ukuta huonekana una matabaka matano. Uvimbe uliokomea tabaka la juu huweza kuondolewa kwa mrija huohuo. Uliopenya zaidi huhitaji upasuaji mkubwa, pengine na dawa kabla yake. Mtambo wa kisasa hukusanya picha bapa nyingi na kuziunganisha, hata uvimbe ukaonekana kwa urefu, upana na kina, na ujazo wake ukakadiriwa.

Tatizo la wanaisimu linaanzia hapa. Je, picha hiyo iitwe nani? "Picha ya pande tatu" humfanya msikilizaji afikirie pembetatu, au picha tatu zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali. "Picha yenye kina" inafaa zaidi, kwa kuwa kina ndicho kinachoamua matibabu. Vivyo hivyo, badala ya neno uvimbe pekee, mgonjwa aambiwe kwamba kuna nyama iliyoota katika ukuta wa tumbo, kisha aelezwe imepenya matabaka mangapi.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa wa Othaya huzungumza Kikuyu na wa Chogoria Kimeru, kwa hiyo Kiswahili hakina nafasi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Madaktari na wauguzi wengi hutoka sehemu nyingine za nchi, na Kiswahili ndicho daraja kati yao na mgonjwa. Daraja likiwa bovu, hakuna anayevuka. Isitoshe, kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Istilahi zikikosekana, sheria hiyo hubaki maandishi matupu.

Kamusi za tiba zipo, lakini istilahi haikomai kamusini. Hukomaa kinywani mwa watumiaji. Chuo Kikuu cha Karatina kiko karibu na Hospitali ya Tumutumu, nacho cha Chuka hakiko mbali na Hospitali ya Chogoria. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo hivyo, wakiongozwa na wahadhiri wao, wangeketi na wataalamu wa picha, wakusanye maneno yanayotumika, wayajaribu kwa wagonjwa waliokubali, kisha watoe ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila uchunguzi. Kazi hiyo ingefaa zaidi kuliko tasnifu nyingine inayorudia mjadala wa ama tutohoe ama tutafsiri.

Mtambo unaweza kuonyesha kina cha maradhi kwa usahihi mkubwa. Asipopatikana wa kumweleza mgonjwa kwa maneno anayoyaelewa, maradhi yatakuwa yamefichwa tena, na safari hii si mgonjwa aliyeyaficha.